Kipande cha Blanketi la Sultana

Sogeeni karibu, nyinyi mnaopenda vitu vizuri, na hasa nyinyi mnaopenda kuonekana mnavyo. Ipo nyumba moja yenye ukuta mweupe na geti la bluu, na juu ya geti kibao kilichoandikwa kwa rangi ya dhahabu: PAKA WA NASABA. TAFADHALI VUA VIATU. Wakubwa kwa wadogo walivua viatu pale, wakaingia kwa kunyata kana kwamba kuna mgonjwa. Mgonjwa kweli alikuwepo, ila hakuna aliyekuwa na habari naye.

Asubuhi tunayoanzia, nyumba ilikuwa shwari. Jua liliingia dirishani likakaa juu ya zulia. Fundi, mwenye nyumba kwa jina na mpangaji kwa vitendo, aliinamia cherehani yake kwenye kona ya sebule. Mkewe alikaa kwenye kochi kubwa. Mtaa ulimwita Mama Hariri, kwa sababu neno hariri lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa amempakata Sultana, paka wake mkuu, mweupe pepe, manyoya yakiburuza sakafuni, uso bapa kama wa mtu aliyegonga mlango akikimbia. Alimpiga brashi polepole. Alipomaliza, kwa brashi ileile akawapiga watoto wa Sultana mmoja mmoja, na baada yao madume, na baada ya madume vikongwe vilivyostaafu kuzaa. Brashi ilikuwa moja tu, ya mpini wa pembe, na kuinunulia mwenzake angeona ni kuivunjia heshima.

Nyuma yake alifuata binti mdogo na ufagio, akikusanya vinyoya.

Binti huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mama Hariri. Alikuja na mfuko wa nguo na mtandio wa marehemu mama yake, wa bluu uliopauka, ambao hakukubali ufuliwe. Usiku alijifunika nao usoni. Siku za mwanzo alilia, na mama yake mdogo alimwambia neno moja tu la kumfariji, akiwa bado anampiga Sultana brashi. "Utazoea."

Sasa nieleweni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Mama Hariri hakuwa mtu asiyejua huzuni ya yatima. Aliijua sana, ila ya paka. Kila mteja aliyekuja kuchukua mtoto wa Sultana alipewa pia kipande cha blanketi ambalo Sultana hulalia. Ilikuwa desturi yake, na aliieleza mkono ukiwa kifuani.

"Mtoto akitengwa na mama yake hulia mpaka roho imtoke," alisema. "Lakini ukimwekea hiki pembeni, akaisikia harufu ya mama, hutulia. Hata mnyama ana moyo, jamani."

Wateja walifuta machozi. Wakasifu kwamba huyu mama ana huruma ya ajabu. Huruma ipi? Mwenye kuifanyia kazi huruma hiyo alikuwa Fundi. Yeye ndiye aliyelikata blanketi vipande vya mraba, akavikunja pindo la kurudi mara mbili, lenye mshono mwembamba wa msalaba ambao fundi mwingine hakuuweza. Hata manyoya hakuyakung'uta, kwa kuwa mkewe alimkataza. Harufu iko kwenye manyoya, alimwambia.

Asubuhi ile binti aliacha kufagia akaangalia mmoja wa wale watoto wa paka.

"Mama mdogo, huyu ana kidonda sikioni. Ni cha duara."

Mama Hariri aliangalia. Nyuma ya sikio nywele zilikuwa zimekatika, ngozi imebaki na magamba ya kijivu, mduara kamili kama uliochorwa kwa mdomo wa kikombe. Mtu mwenye akili timamu angemwita daktari. Lakini wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na katika nyumba ile nywele zilishaanza kupukutika.

"Mwenzake kamng'ata," alisema. "Niletee wanja na poda."

Mnasikia? Wanja na poda! Mtoto wa paka akapodolewa kama bibi harusi, kipara kikafunikwa kwa poda, masikio yakatiwa wanja yafanane, akapigwa picha akiwa kwenye kikapu. Siku ileile akachukuliwa na mwalimu mmoja wa chekechea, dada mpole mwenye miwani, ambaye alimbusu palepale penye poda. Akaondoka na kikapu na kipande chake cha blanketi, anashukuru.

Fundi aliyaona yote haya akiwa kwenye cherehani. Aliona na zaidi. Kwa muda sasa, mkono wake wa kushoto, ule unaolalia kitambaa wakati wa kushona, ulikuwa unawasha. Kwenye kiwiko palitokea duara jekundu, kingo zimeinuka, katikati pameanza kupoa. Likazaa mwenzake. Alikuwa na macho, na alijua kulinganisha: duara la sikio la paka na duara la mkono wake yalikuwa mtu na kaka yake.

Alifanya nini mwanamume huyu? Alishusha mkono wa shati akafunga kifungo.

Alikuwa na sababu zake, kama waoga wote. Aliona kwamba akisema, mkewe atadai ugonjwa umetoka kwenye nguo kuukuu za wateja wake, na cherehani itahamishiwa barazani kwenye vumbi. Kona ile ya sebule ndiyo iliyokuwa imebaki kuwa yake. Kwa hiyo, ili asipoteze kona, alinyamaza. Joto likapanda, majirani wakawa vifua wazi, yeye shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kwenye kiganja. Mtu alipomuuliza, alijibu kwamba ni heshima ya kazi.

Haikuchukua muda, binti akarudi kutoka shule kabla ya saa ya kutoka. Kichwani, juu kidogo ya paji, palikuwa na kiraka ambacho nywele zimekatika karibu na ngozi, na kando yake kiraka kingine kinaanza.

"Mwalimu anasema ni mapunye," alisema, sauti imeshuka. "Anasema nipelekwe hospitali, nipewe dawa ya kumeza. Na anasema niulizwe kama nyumbani kuna mnyama."

Mama Hariri aliruka kutoka kwenye kochi kana kwamba kochi limemuuma.

"Mnyama! Wanyama wangu wanaoga kwa sabuni kuliko huyo mwalimu wako! Mapunye ni uchafu, na uchafu umekuja nao wewe. Huo mtandio wako unaonuka. Na yule shume unayemtupia makombo mlango wa jikoni, unadhani sijui?"

Shume ni kweli alikuwepo, paka wa mtaani, mwenye sikio lililochanika. Binti alikuwa akimwekea mabaki ya chakula, akimwangalia anavyokula, basi. Hajawahi kumshika, kwa kuwa shume mwenyewe hakuwa mjinga wa kushikwa na watu.

Mashine ya kunyolea ikaletwa. Mama Hariri akamkalisha binti kwenye kigoda uani na kumnyoa nywele zote, haraka haraka, huku anasonya. Mama Hariri hakudondosha hata chozi. Zilipokwisha, akauchukua ule mtandio wa bluu kwa ncha za vidole viwili, akautupa juu ya rundo la taka.

"Baba mdogo!" binti alimgeukia Fundi aliyesimama mlangoni. "Baba mdogo, mwambie. Ule una harufu ya mama."

"Wewe, lete kiberiti," Mama Hariri alimwambia mumewe.

Fundi alisimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unawaka kwa muwasho ndani ya shati. Kufungua kifungo kimoja tu kungetosha. Kukunja mkono wa shati, kusema: mimi nilianza, kabla ya huyu mtoto, na mimi sijawahi kuushika huo mtandio. Akaingia jikoni, akaleta kiberiti.

Mtandio ulikuwa mwepesi, haukukawia kuungua. Binti hakupiga kelele. Aliutazama mpaka ukawa majivu, na mama yake mdogo akampangusa nywele mabegani na kumwambia, kama anayempa zawadi, "Utazoea."

Kuanzia hapo binti alilala stoo ya uani, kwenye mkeka kati ya ndoo na magunia ya mchanga wa choo cha paka. Hospitali hakupelekwa. Ajifunze usafi kwanza, alisema mama yake mdogo. Wazee walisema paka wa nyumba haingwi. Katika nyumba ile paka hakuingwa kweli, aliyefukuzwa ni mtoto wa dada.

Sasa nisikilizeni. Ugonjwa haujui nasaba. Haukuvua viatu mlangoni. Watoto wa Sultana walianza kutoka viraka puani, miguuni, mikiani. Wanja ukaisha, ukanunuliwa mwingine. Poda ilipigwa mpaka sebule ikanukia kama chumba cha mtoto mchanga. Na wateja waliendelea kuja, kwa sababu wapo watu ambao ukiwawekea kibao cha dhahabu watanunua hata kikohozi, na kila mmoja alitoka na kikapu na kipande chenye pindo zuri.

Halafu siku moja mchana geti likagongwa, tena na mtu asiyenyata. Alikuwa yule mwalimu wa chekechea, duara jekundu shavuni chini ya miwani. Nyuma yake alisimama daktari wa mifugo, mwanamke mrefu, ana mkoba wa ngozi na mfuko wa plastiki.

"Karibuni, vueni viatu," alisema Mama Hariri.

"Vyangu vitabaki," daktari alijibu. "Nitaviosha kwa dawa nikitoka, msiwe na wasiwasi. Nyinyi ndio mtakaotakiwa kuosha."

Akaufungua mfuko wa plastiki na kuonyesha. Ndani yake mlikuwa na vipande vya blanketi, vya mraba, vyenye manyoya meupe.

"Nimeitwa kwenye nyumba tofauti, mbali na mbali," alisema. "Kila nyumba nimekuta mtoto wa paka mwenye mapunye. Nimekuta na watu wenye mapunye. Huyu mwalimu hapa, watoto wa darasa lake wameanza. Nikajiuliza hawa wanakutana wapi, hawajuani. Mpaka nikaona kila nyumba ina kitambaa hiki, na kila kitambaa kina pindo hili." Akageuka kuelekea kona ya sebule. "Fundi, hii ni kazi yako?"

Fundi alitazama mshono wake wa msalaba. Angeukana vipi? Maisha yake yote alijisifu kwamba hakuna mwingine anayeuweza.

"Ni yangu," alisema.

"Daktari, tatizo sio hapa," Mama Hariri aliingilia, tabasamu limemganda. "Kuna msichana wa dada yangu, alikuja na uchafu wake. Na kuna shume huko nje. Sisi ni waathirika."

"Waleteni wote. Na fungeni mapazia."

Binti aliitwa kutoka stoo, kichwa kikiwa na viraka vyenye magamba. Shume alinaswa kwa kipande cha nyama, akaingizwa kwenye kizimba akitukana kwa lugha yake. Mapazia yakafungwa, sebule ikawa giza. Daktari akatoa taa ndogo ya mwanga wa zambarau.

"Mapunye ya paka mara nyingi huwaka kijani kwenye taa hii," alisema. "Sio kila mara, ndiyo maana nitachukua na vipimo. Lakini tuanze."

Alimulika shume, kuanzia sikio lililochanika mpaka mkiani. Hakuwaka popote. Alimulika kichwa cha binti, na penye viraka vijinywele vilivyobaki vikatoa kijani hafifu. Mama Hariri akavuta pumzi ya ushindi. Kisha taa ikahamia kwenye kochi.

Sultana aliwaka. Aliwaka masikioni, aliwaka kidevuni, aliwaka chini ya tumbo mpaka kwenye vidole. Alipojilamba, ulimi ulipita juu ya kijani. Mto wake ukawaka. Blanketi likawaka kama limemwagiwa nyota. Brashi ya mpini wa pembe, pale mezani, meno yake yote yalikuwa kijani.

"Haiwezekani!" Mama Hariri alilia. "Hana hata kipara kimoja!"

"Ndiyo ubaya wake. Mwenye manyoya marefu anaweza kubeba fangasi mwilini bila kuonyesha alama. Anaonekana mzima, anawagawia wengine. Na ukimpiga brashi, ukahamia kwa mwingine na brashi ileile, unapanda mbegu kwa mkono wako." Daktari akachomoa mswaki mpya wa meno kwenye pakiti yake, akaanza kumchana nao Sultana ili apeleke vinyoya maabara. Huku anachana akauliza, "Katika watu wa nyumba hii, nani alianza?"

"Huyu," Mama Hariri alimnyooshea binti kidole.

Ndipo Fundi, kwa vidole vya mtu anayemfungulia mdai wake mlango, akafungua kifungo. Akakunja mkono wa shati. Duara juu ya duara, kutoka kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko, mengine mapya, mengine yamekomaa.

"Mimi," alisema. "Kabla yake. Kabla hata yule mtoto wa paka hajauzwa kwa mwalimu."

Binti aliutazama ule mkono.

"Baba mdogo, ulijua? Siku ile ya kiberiti, ulijua?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Mimi pia niliogopa," alisema binti. "Na mimi ni mtoto."

Fundi aliukunja mkono wa shati juu zaidi.

Daktari alitoa maagizo. Watu wote hospitali, binti wa kwanza. Paka wote wanyolewe, waogeshwe kwa dawa, wapewe na ya kumeza, kwa majuma mengi, mpaka vipimo viseme wamepona. Hakuna paka kutoka, hakuna kuingia. Sakafu zisafishwe kila siku. Zulia litolewe. Brashi itupwe.

"Na nguo?" aliuliza Fundi kwa sauti ndogo. "Mtandio, kwa mfano. Mtandio mwepesi wa mtu."

"Huo mnaufua tu. Unaufua mara mbili vizuri, unaanika juani, umemaliza. Hakuna haja ya kuchoma." Kisha akaligusa blanketi la Sultana kwa ncha ya kalamu. "Hili ndilo la kuchoma. Manyoya yameingia mpaka ndani ya nyuzi, na limeshakatwakatwa."

Wanyoaji waliitwa. Sultana alipotoka chini ya mashine alikuwa kitu chembamba cha waridi chenye kichwa kikubwa, kinatetemeka. Hapo ndipo Mama Hariri alipolia. Alilia akagaagaa, akashika manyoya yaliyoanguka mpaka daktari akamnyang'anya. Mashine ilikuwa ni ileile ya siku ile, na kigoda ni kilekile. Dawa ya kuogeshea ilinuka mayai viza, na kwa majuma mengi nyumba ya hariri ilinuka mayai viza. Kibao cha dhahabu kiling'olewa na wateja wenyewe, na sitawaambia walikitupa wapi.

Lakini nawarudisha uani, jioni ileile, kwenye moto. Fundi alishika kiberiti. Blanketi lilikuwa juu ya taka. Mama Hariri aliling'ang'ania kwa mikono miwili, uso umelowa.

"Nibakizieni kipande tu!" alisihi. "Kidogo tu, cha kumwekea Sultana. Mmemnyoa, mmemtenga na watoto wake, ana nini tena? Asiposikia harufu yao usiku atalia!"

Binti alikuwa amesimama kando, begi lake mkononi. Mama yake mkubwa, dada mkubwa wa Mama Hariri, alikuwa anamsubiri getini, ampeleke hospitali na kukaa naye. Fundi alikuwa amempigia simu, na hilo ndilo jambo la maana alilolifanya tangu hadithi hii ianze, tena amechelewa. Binti aliusogelea moto. Hakuwa na hasira usoni. Alimshika mama yake mdogo mikono kwa upole, akamsaidia kuliachia lile blanketi.

"Liache tu, Mama mdogo," alisema. "Atazoea."

Akageuka kwenda getini. Fundi alimkimbilia, ana mtandio mpya wa bluu alioushona mchana ule, wenye pindo lake bora kuliko yote. Binti aliupokea kwa mikono miwili, akauinua mpaka puani, akavuta pumzi. Ulikuwa unanuka mafuta ya cherehani. "Ahsante, Baba mdogo," alisema, kama mtu anavyomshukuru muuza duka. Akaukunja vizuri, akauacha juu ya ukuta.

FUNZO

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Hariri hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na kipara, na hiyo ni bahati asiyostahili. Enyi mnaofuga, mapunye si uchafu wala aibu. Ni fangasi, humshika paka wa jalalani na paka wa kwenye kochi, humshika mtoto na mtu mzima, na hutibika kwa dawa, si kwa wanja. Ukiona kiraka kimoja, tibu nyumba nzima. Usimwamini mnyama kwa uzuri wa manyoya yake, wala mtu kwa utamu wa maneno yake juu ya wanyama.

Lakini dawa ya mapunye ipo, imejaa madukani. Ninaowasema hasa ni nyinyi mliofunga vifungo. Mnajua ukweli, mnao mkononi, unawawasha, na mnamwachia mtoto wa mwenzenu anyolewe kwa ajili yenu. Mikono ya Fundi imepona, imebaki laini kama haijawahi kuugua. Bado anavaa mikono mirefu, hata kwenye jua kali. Akiulizwa, hasemi tena kwamba ni heshima ya kazi.